Siku Kobe Alipofunguliwa Injini

Kwenye kona moja ya Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, mbele ya duka la mapazia la Mbaruk, kuna benchi la mbao lenye mguu mmoja wa tofali. Yasser muuza kahawa hulitua dele lake hapo kila alasiri, na akishatua, hata mkokoteni ukukwangue goti huondoki. Benchi lina wenyewe. Kuna Pantaleo, mtu wa Masasi, muuza magodoro, anayeitwa Injinia kwa sababu ujanani alikuwa utingo wa lori na mpaka leo hataki mtu mwingine aongelee injini. Kuna Abdulrazak, fundi cherehani, anayeitwa Redio kwa sababu hazimwi. Na kuna Mbaruk mwenyewe, ambaye alasiri hiyo kahawa ilikuwa inampolea mkononi huku akilitazama gari lake lililoegeshwa ng'ambo ya barabara: kubwa, la kijani, la dizeli, ambalo mtaa mzima uliliita Kobe.

Ilikuwa wiki ya harusi. Ijumaa binti yake Dalia angefunga ndoa, na Jumamosi apelekwe kwao mume, Lushoto, kule milimani. Mbaruk alishaapa kwamba mwanawe atapelekwa na gari la baba yake. Mashangazi nao walishaapa kwamba Kobe hawalipandi tena. Siku ya kupeleka majibu ya posa lilikuwa limepumua, likapumua, likakata tamaa kabla ya kufika Soni, njiani kwenda Lushoto, na wanawake wa watu wakateremka, wakapanda mlima kwa miguu na sinia za halua kichwani. Dalia alihadithiwa waliporudi. Alitazama chini tu, na hilo ndilo lililomchoma Mbaruk kuliko maneno ya mashangazi wote.

— Kesho nalipeleka kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani, alisema Mbaruk. Kuna binti anaitwa Hyasinta, anaprogramu upya kompyuta ya injini. Anachomeka waya, anabonyeza laptopu yake, gari linapata nguvu.

— Bila kufungua bolti? aliuliza Injinia.

— Hata moja.

Injinia akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayejiandaa kwa ugomvi.

— Mbaruk, nguvu ya gari iko kwenye bolti. Sisi na lori letu tulikuwa tunapanda mlima Kitonga na gunia za korosho mpaka juu ya kebini. Kompyuta tuliijua? Injini ikichoka, utingo anashuka, anaisemesha.

— Anaisemesha nini?

— Hayo ni ya kitaalamu.

— Acha fiksi, Injinia, Redio akadakia. Mimi nawaambia kisa cha Kobe. Kompyuta ya gari inamsoma dereva. Wewe Mbaruk unaendesha kama umepakia mayai. Imeshakuona huna haraka ya maisha, nayo ikaamua kulala. Huyo binti hatengenezi gari, anaiambia kompyuta kwamba gari limeuzwa kwa mtu mwingine!

— Wallahi, hilo sijawahi kulisikia, alisema Mbaruk.

— Hujalisikia kwa sababu wanalificha. Na kuna zaidi. Wakishaiprogramu, inaanza kuongea na setilaiti. Siku moja mtu kule ng'ambo anabonyeza kitufe, magari yote ya Kariakoo yanageuka yenyewe kurudi bandarini. Utamkuta Kobe Kivukoni anapanga foleni ya meli.

— Na abiria ndani? aliuliza Yasser, birika la maji ya kusuuzia vikombe mkononi.

— Abiria watajua wenyewe!

Benchi likatikisika kwa kicheko mpaka tofali likasogea. Mbaruk naye alicheka, ila moyoni hakuwa na raha. Alishajaribu kila kitu: chujio jipya, nozeli zimesafishwa, tabo ya kusukuma hewa imekaguliwa, na kila fundi alimwambia gari ni zima, halina ugonjwa. Kama si ugonjwa, basi ni uvivu, na uvivu hauna spea.

Asubuhi yake waliondoka wote watatu. Injinia alisema anaenda kumlinda Mbaruk asiibiwe. Redio alisema anaenda kuwa shahidi.

Hyasinta walimkuta Gerezani, chini ya turubai, katikati ya milio ya nyundo na moshi wa kuchomea. Alikuwa msichana mnene, mcheshi, amevaa ovaroli safi, laptopu yake imewekwa juu ya pipa la mafuta.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, binti. Mgonjwa ndiye huyu.

Hyasinta akaingia, akachomeka waya chini ya usukani, akawasha swichi, akaanza kusoma. Injinia alimsogelea kwa nyuma kusoma naye, ingawa miwani aliiacha nyumbani. Mara binti akaguna. Akasoma tena. Akaanza kucheka.

— Mzee, gari hili ulilinunua wapi?

— Mnadani, miaka mingi sasa. Lilikuwa la mradi fulani wa kuchimba visima.

— Basi wenye mradi walilifunga.

— Walilifunga vipi?

— Walimwambia fundi wao aibane kompyuta, madereva wasije wakakimbiza gari porini. Ukikanyaga mafuta, unayeomba ni wewe, lakini kompyuta inatoa nusu tu. Injini yako haijachoka, mzee. Imekatazwa.

Mbaruk alishika mlango. Miaka yote ile! Miaka yote alikuwa akiliomba msamaha gari kwa kulipakia, akiliita jina la dhihaka pamoja na mtaa mzima, kumbe limefungwa mikono na linajitahidi hivyohivyo.

— Unaweza kulifungua?

— Naweza. Nalirudishia nguvu zake za kuzaliwa, naongeza kidogo tu juu yake. Nikiongeza sana injini itachemka, utanirudia na maneno. Ila kwanza nahifadhi programu ya zamani, tukishindwana turudi tulipotoka.

Akabonyeza. Mstari mdogo ukaanza kutambaa kwenye kioo cha laptopu. Hyasinta akawaomba wasiguse chochote, wasifungue hata mlango. Redio alinyamaza kabisa, mikono nyuma kama yuko msibani. Mstari ulipofika mwisho, binti akamwambia Mbaruk awashe. Kobe akanguruma. Sauti ileile, ila Mbaruk aliapa baadaye kwamba ilikuwa na furaha.

Kulijaribu wakaenda upande wa bonde la Jangwani. Waliteremka mpaka bondeni, wakageuza, wakaelekea ule mwinuko wa kurudi Faya, kwenye kituo cha zimamoto. Hapo ndipo Kobe alipozoea kupitwa na kila kitu, hata guta, baiskeli ya matairi matatu ya muuza maji.

— Kanyaga, alisema Hyasinta kutoka kiti cha nyuma.

Mbaruk akakanyaga kama alivyozoea, mpaka chini.

Kobe akaruka! Kofia ya Injinia ikaanguka. Redio akashika dari akaanza kusoma dua. Gari lilipanda kama limeitwa na mwenyewe, na kabla Mbaruk hajakumbuka kuachia mafuta, taa za barabarani za Faya zilikuwa zimesimama mbele yake. Akafunga breki, akageuka nyuma, macho yamejaa maji na mdomo umejaa kicheko.

— Tena, alisema.

Walirudia mpaka Hyasinta akasema ana wateja wengine.

Alasiri hiyo benchi lilijaa sherehe. Mbaruk aliagiza kahawa na kashata kwa yeyote aliyepita, wapagazi wakasimamisha mizigo kusikiliza, na stori ilikuwa inaongezeka nguvu kuliko gari lenyewe.

— Tulipofika katikati ya mlima, alisema Redio, nilisikia masikio yanaziba. Kama ndege.

— Ndege umepanda lini wewe? aliuliza Yasser.

— Sijapanda, lakini nimesikia wanavyosimulia. Yaleyale!

— Mimi nilishajua tangu zamani, alisema Injinia. Nilisema, gari hili halina ugonjwa, limefungwa.

— Ulisema lini? aliuliza Redio.

— Nilisema kimoyomoyo. Sasa sikilizeni. Kama kompyuta inaweza kufungwa na kufunguliwa, basi hata mwanadamu. Unadhani kwa nini Redio hafiki hata siku moja kwa wakati? Alinunuliwa kwenye mradi!

— Na wewe magodoro yako hayatoki kwa sababu uliprogramiwa ukiwa usingizini!

— Huyo binti aje aniprogramie dele langu, alisema Yasser. Lisiishe kahawa mpaka Ramadhani.

Walikuwa bado wanashikana mabega kwa kucheka alipotokea kijana mwembamba, mrefu, kanzu imekunjamana kwa safari. Alikuwa Idrisa, bwana harusi mwenyewe, mkulima wa Lushoto anayeshusha kabichi na karoti zake sokoni kwa kigari chake kidogo. Mbaruk hakuwa na neno baya juu yake. Ila alimwona mpole mno, na mara nyingine usiku alijiuliza mwanawe anampa mtu wa namna gani.

— Shikamooni wazee. Baba, nimetumwa nifuate mapazia ya chumba.

— Marahaba, mwanangu! Kaa kwanza. Yasser, mpe kahawa. Kijana, umekosa uhondo! Kobe amefunguliwa!

Wakamsimulia, wote kwa pamoja, kila mmoja akimsahihisha mwenzake. Idrisa alisikiliza mpaka mwisho, kikombe mkononi, akitabasamu. Kisha akauliza kwa sauti yake ya chini:

— Samahani, baba. Na kushuka?

— Kushuka kufanyaje? aliuliza Redio.

— Kule kwetu gari likishindwa kupanda linasimama, watu wanatembea, inakuwa hadithi tu. Kushuka ndiko kuna kazi. Sasa limeongezewa mbio. Breki je, zimeangaliwa?

Injinia akaanza kuikung'uta kofia yake. Redio akamtazama Yasser. Yasser akalitazama dele. Mpagazi mmoja aliyekuwa amesimama kusikiliza akajitwika mzigo wake polepole, akaondoka zake.

Mbaruk alisimama, akatoa ufunguo mfukoni, akampa kijana.

— Endesha wewe. Twende kwa fundi breki.

Fundi alipofungua matairi, akawaonyesha pedi za breki zimelika zimekuwa nyembamba kama kashata. Akaweka mpya mbele na nyuma, akabadilisha na mafuta ya breki, akalikagua gurudumu moja moja huku Idrisa amechuchumaa pembeni anauliza maswali.

Jumamosi Kobe alipita Soni amejaa mpaka mlangoni, hakuna aliyeteremka, na mashangazi walipiga vigelegele kila kona mpaka sauti zikawakauka. Lakini ukimuuliza Mbaruk habari za harusi ile, haanzii huko. Anaanzia jioni walipotoka kwa fundi breki, wao wawili tu, wakakifikia kile kiteremko cha kwenda Jangwani.

Anasema kabla hawajaanza kuteremka, kijana alishusha gia, akaondoa mguu kwenye mafuta, akaiacha injini yenyewe ilishike gari. Breki aliigusa kwa mbali tu. Kobe, na nguvu zake zote mpya, akashuka kwa adabu.

— Kwetu tunashuka hivi, baba, alisema Idrisa bila kuondoa macho barabarani.

Mbaruk akaachia mlango aliokuwa ameushika, akaegemea kiti.

— Basi utakuwa unamleta Dalia kututembelea.

— Nitamleta, baba. Kila mavuno.

— Usisubiri mavuno, alisema Mbaruk, akashusha kioo, upepo wa bondeni ukampiga usoni, akajikuta anacheka peke yake mpaka darajani.