Ubao Unalia na Nyundo Ziko Mapajani

Benchi liko nje ya duka, mkabala na uzio wa kanisa. Kijijini hapa watu huitwa ibadani kwa ubao mrefu uliotundikwa nyuma ya kanisa, unaopigwa kwa nyundo mbili za mti. Ukilia nje ya saa zake, kuna moto. Asubuhi tatu mfululizo ulilia, watu wakatoka mbio na ndoo, moto wasiuone. Padri Sofronie akasema ukilia hivyo tena, Ilarie, mpiga ubao, atazikabidhi nyundo alizoachiwa na baba yake. Leo alfajiri umelia. Ilarie alikaa katikati ya benchi, nyundo mapajani, akimsubiri padri.

— Sema ukweli, ulilewa, — alisema Gherasim, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki.

— Kwaresima hii? Hata kahawa nakunywa bila maziwa.

— Basi unatembea usingizini. Shemeji yangu alichunga kondoo usingizini miaka miwili. Hakupoteza hata mmoja.

Ilarie hakucheka. Anaishi peke yake. Jana alilala amejifunga mguu kitandani kwa kamba, na ubao ulipomwamsha fundo lilikuwa palepale; akaikata kamba, akatoka. Lakini fundo haliwezi kumtolea ushahidi.

— Ni upepo, — alisema Pantelimon, yaani Chumvi, mstaafu wa mgodi wa chumvi.

— Upepo ushike nyundo?

— Kule mgodini ulikuwa unashika sururu!

— Labda kigong'ota, — Ilarie alijaribu.

— We naye! — alisema Redio. — Kigong'ota anatafuta mabuu. Ubao ule umekauka tangu enzi za babu yako. Atakula nini pale?

— Yule ndege ana ulimi unaozunguka fuvu, — alisema Chumvi. — Paka wangu alileta mmoja, nikauona.

— Acha kamba! Ulimi uzunguke fuvu?

— Wako si unazunguka kijiji kizima?

Redio alipandisha sauti.

— Mimi nasema ni marehemu baba yake. Hapendi unavyopiga, Ilarie. Anakufundisha.

— Baba alipiga polepole. Huyu ana haraka.

— Huko aliko amepata mazoezi!

Walikuwa wanapigiana kelele wakati Domnica, muuguzi mpya wa zahanati, alipotoka dukani na mkate.

— Samahani, wazee wangu. Mpiga ubao ni nani?

— Huyu hapa! — alisema Redio. — Na nyundo anazo.

— Basi sasa hivi anapiga nani?

Benchi zima likageukia kanisa. Nyuma ya kanisa ubao ulilia: mlio mfupi wa kasi, kimya, kisha tena.

Walivuka barabara. Kigong'ota mweusi kwa mweupe, mwekundu chini ya mkia, alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa ubao, mkia ameuegemeza kama mguu wa tatu. Aligonga, akasikiliza. Mwingine akamjibu kutoka msituni.

— Mbona hali kitu? — aliuliza Chumvi.

— Hii si njaa, — alisema Domnica. — Majira haya anatangaza eneo lake na kumwita jike. Huchagua mti unaovuma sana.

Padri Sofronie alikuwa amefika nyuma yao. Alimtazama ndege, kisha nyundo.

— Ibada saa tatu, Ilarie. Usichelewe.

Ilarie alirudi benchini, akapandisha suruali, akafungua kipande cha kamba kilichobaki kwenye kifundo cha mguu tangu alfajiri. Redio alikiona. Hakuuliza neno. Alimjazia kahawa.