Gemu la Magari Lilivyomrudishia Mkono

Ndani ya treni, kijana fundi umeme alikuwa akitoa hukumu kama hakimu. "Gemu la magari ni zuri kwa macho tu, mama. Kona zake za uongo. La mpira ndilo gemu."

"La mpira refa wake kipofu, mwanangu," alijibu fundi cherehani aliyeketi kando yake. "Mimi kiharusi kiliniacha na mkono huu umelegea, hata kijiko kinanishinda. Binti yangu akaniwekea la magari kwenye simu. Nikagonga kuta weee, mpaka vidole vikatii. Leo asubuhi nimetia uzi kwenye sindano, mwenyewe!"

"Hongera sana, mama! Ila ungeanza na la mpira, ungepona mapema."

"Thubutu!"

Treni iliposimama, kijana alitaka kumbebea mfuko. Mama akamwahi, akaunyanyua kwa mkono ule, akashuka kifua mbele.