Mwalimu na Tufe la Chuma

Mwalimu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1967, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake, fundi cherehani. Kabla hajaanza shule alikwisha kuifungua cherehani yote, ajue nguvu ya mguu inafikaje kwenye sindano. Baba alirudi akakuta skrubu zimepangwa vizuri na mteja amenuna.

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1990. Mwaka uliofuata alianza kufundisha fizikia katika shule ya kutwa aliyoitumikia hadi mwisho.

Tarehe 3 Septemba 1994 alifunga ndoa na fundi saa. Walijuana alipompelekea saa iliyokufa, akamganda dukani hadi aonyeshwe jinsi spiringi inavyotunza nguvu ya vidole na kuitoa kidogo kidogo mchana kutwa. Fundi alisema hajawahi kutazamwa hivyo, ingawa iliyotazamwa ni spiringi.

Tufe zito la chuma alilichagua kwa mdogo wake, muuza vyuma chakavu. “Wewe unauza uzito,” alimwambia, “mimi nanunua kimo.” Alilining'iniza kwa waya kwenye dari ya maabara. Kila mwaka alilivuta hadi kidevuni, akaliachia, akasimama palepale. Lilikwenda, likarudi, likaishia karibu kabisa na kidevu. “Lina nguvu niliyolipa kwa kulinyanyua tu. Ya kunivunja meno itatoka wapi?”

Mwaka 2023 misuli ilianza kumwishia. Novemba 2024 alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, na darasa lilinong'ona kwamba lile tufe lilikuwa kiinimacho. Akamwita mdogo wake asimame mahali pake, mtu asiyeamini mzigo mpaka aushike. Angekwepa hata kidogo, wanafunzi wangeamini woga wake, si somo.

“Usilisukume, Mzee wa Bei,” Mwalimu alimwambia kwa jina lake la utani. “ Liachie, utulie.”

“Dada, na waya ukikatika?”

“Waya umeniuzia wewe.”

Darasa likaangua kicheko. Mdogo wake akalivuta hadi kidevuni, akaliachia. Lilirudi likikua, likamjaa machoni, upepo wake ukampita midomoni. Likasita. Likaondoka. Hakusogea. Maisha yake yote alikuwa amepima chuma, na siku hiyo ndiyo kwanza alikiona.

Mwalimu alifariki Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, nyumbani, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe. Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu, na mdogo wake.

Tufe bado linaning'inia. Wiki ijayo kidato cha pili wanafika kwenye somo hilo, na mdogo wake atasimama palepale.

Pumzika, Mwalimu, kwa amani.