Bia ya Sinema

Tramu ilikuwa imeshaondoka Mtaa wa Clark, Chicago, mwaka 1909, wakati mama mmoja mwenye utepe mweupe wa wapinga pombe alipomkazia macho kijana aliyeketi mbele yangu.

“Si wewe uliyevaa sketi kwenye sinema jana, ukavunja mapipa ya bia kwa shoka kutukejeli sisi?”

“Ndimi, mama. Otto. Ulicheka?”

“Hilo halikuhusu. Naenda kikaoni kuwaambia wenzangu kama tuombe jumba lenu la sinema lifungwe. Ile bia ilikuwa ya kweli?”

“Chai na sabuni. Bosi akikunusa pombe, kazi huna. Kazi yetu ni kuanguka, na mlevi hajui kuanguka, mama, ataumia.”

Nilikuwa na kichupa cha pombe mfukoni; nikafunga koti.

“Basi mbona mnatucheka sisi?”

“Mwaka jana tuliwacheka walevi. Sasa zamu yenu.”

Mama alifikiri. “Hata hivyo mlikosea. Sisi hupiga magoti na kuomba kwanza, ndipo tunavunja.”

“Kumbe,” alisema Otto. “Hiyo ingechekesha zaidi.”

Tramu ilisimama, mama akashuka. Jumba lilifungwa wiki tatu, likafunguliwa. Otto aliumia mgongo, akaenda kuoka mikate Milwaukee. Mama sikumwona tena. Mimi nilihamia Omaha.