Kipira Kimebaki Sikioni

Tramu ya Aleksandria ilijaa, nami nilibanwa kwenye behewa la wanawake, nyuma ya Bi Inshirah aliyevalia kama bibi harusi. Alichomoa mashine yake ya kusikia chini ya mtandio, akaitazama, akashika kifua. "Kipira cha nchani hakipo! Kimebaki sikioni!"

"Ulichagua kipira kidogo mno," alisema mshonaji aliyeketi kando yake, kwa sauti ya kusikika mpaka behewa la wanaume.

"Kikubwa kinauma nikifunga mtandio."

"Inama, Hajati, nikitoe kwa pini."

"Utanitoboa, mwanangu!"

"Basi shuka kituo kijacho, yupo daktari."

"Napeleka posa ya kijana wangu kwa wazazi wa msichana. Wakijua mimi kiziwi, watasema wajukuu watarithi uziwi."

Wanawake saba walitoa shauri, hakuna aliyeombwa, nami nikiwemo. Tramu ikasimama. Bi Inshirah aliinuka, bangili zikalia.

"Shuka!" tulimwambia sote.

"Nyamazeni, jamani," alinong'ona, macho mlangoni. "Shangazi yake yule msichana hupandia kituo hiki."