Simu Kwenye Kiti cha Shahidi

Mheshimiwa Sheikh wa Mkoa, waheshimiwa wajumbe wa baraza letu la usuluhishi, mama yetu mke wa Kadhi, ndugu wageni waalikwa mliotoka Nyakato, Buswelu na Nansio: Assalamu alaikum. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimekuwa karani wa Kadhi wetu, Sheikh Liaqat, kwa miaka kumi na tisa, na leo tunamuaga anaporudi kwao Nansio. Kila jioni mimi huandika shajara. Nimechagua ukurasa mmoja tu, wa Jumanne, tarehe 13 Mei 2025, na wahusika, ambao wamo humu ukumbini, wameniruhusu kuusoma.

Siku hiyo alikuja dada yetu Kija. Mumewe, marehemu Danish, alimpa talaka moja. Eda ikaisha, kisha mume akafariki. Kija alidai kwamba kabla ya eda kwisha, Danish alikuwa amemrejea, awe mkewe tena. Hakuomba mali. Aliomba aitwe mjane, amlilie mtu wake bila kuulizwa, "Wewe ni nani hapa?" Ushahidi wake ulikuwa sauti ya Danish ndani ya simu: "Kija, nimekurejea. Rudi nyumbani."

Shemeji yake, Aftab, akaruka. "Sheikh, hiyo ni akili mnemba! Siku hizi wakitaka, hata sangara ataongea Kisukuma!"

Kadhi akafanya nini? Akaiweka simu kwenye kiti cha shahidi, akaiuliza yale anayowauliza mashahidi wote: "Ulikuwa umekaa wapi aliposema? Nani mwingine alisikia?" Tulicheka. Simu ikanyamaza. Ndipo akamgeukia Kija. "Hii haiwezi kuapa. Wewe utaapa, mwanangu?"

Kija alinyoosha mkono kuelekea Msahafu uliokuwa mezani, kisha akauondoa.

"Siapi, Sheikh. Niliitengenezesha. Nilitaka maneno hayo niyasikie hata mara moja."

Ushahidi haukupokelewa, na Kija hakuandikwa mjane. Hukumu niliiandika mimi. Lakini mlangoni nilimsikia Aftab, sauti imeshuka: "Shemeji, hebu niisikie tena sauti ya kaka."

"Nimeshaifuta. Ilikuwa haikohoi."

Nani hapa asiyemkumbuka Danish, ambaye vumbi la kiwandani halikumwacha amalize sentensi bila kukohoa? Wakaondoka pamoja, Aftab akimpeleka Kija kwa mama mzazi wa marehemu, wakamlilie huko.

Sheikh wetu, vijana wa kamati wamependekeza tuihifadhi sauti yako kwenye mashine, ili wenye mashauri waendelee kukuuliza. Najua ni mapenzi. Lakini je, mashine hiyo itamwita mtu "mwanangu" kabla ya kumwapisha? Itajua wakati wa kunyamaza? Kiti chako kitakuwa na mtu mwingine, na sisi tutakukosa. Tuache tukukose kweli. Tukizidiwa, tutapanda kivuko hadi Nansio, tukae mbele yako, na wewe utuulize tulikuwa wapi siku zote hizo.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu.