Jicho la Kapinga Lilipoamka

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mimi ni Mama Kapinga. Leo nataka kumtukuza Mungu kwa jicho la mtoto wangu.

Ilikuwa wakati Katanga ilipojitenga na Kongo. Sisi watu wa Kasai tuliwindwa, tukakimbia nyumba zetu mjini, tukalala kambini, katika vibanda vya magunia. Kapinga alikuwa na miaka mitano. Alijigonga kila mahali, na jicho lake la kuume lilikimbilia puani. Mama mkwe alisema ni laana ya ukoo wangu. Ndugu zangu, niliamini! Nilimfunga hirizi shingoni, nikaacha hata kuomba.

Siku moja tulipanga mstari wa maziwa. Infirmier, yaani muuguzi wa kambi, Baba Gaston, alimwona mtoto akipapasa kikombe. Akaziba jicho la kuume kwa kiganja, Kapinga akatulia. Akaziba la kushoto. Mtoto akalia, "Baba, toa hii moshi!"

Moshi! Mimi mzazi sikujua!

Gaston akaniambia, "Mama, hii jicho iko muzima, ila iko na uvivu. Kichwa ilizoea kuiacha. Tutafunga ile ya nguvu kila asubuhi, hii ijifunze kazi. Angali mudogo, ndiyo bahati."

"Na risasi zikilia, atakimbia namna gani?"

"Utamushika mukono."

Nilimfunga kitambaa. Kapinga alianguka, alilia, alinichukia. Asubuhi moja bunduki zililia karibu. Nikakirarua kile kitambaa, nikakitupa. Gaston hakunigombeza. Alileta kingine, akakifunga mwenyewe. Hirizi niliikata siku ile, nikapiga magoti.

Miezi ikapita. Nilikuwa nachambua maharagwe, Kapinga nimempakata, jicho zuri limefungwa. Akanitazama, kisha akaweka kidole kwenye shavu langu.

"Mama, uko na kadoti hapa."

Ndugu zangu! Kadoti, alama ndogo kama mbegu ya mchicha! Maharagwe yalimwagika, nikalia kwa sauti mpaka majirani wakadhani kuna msiba. Mungu alikuwa ameliumba jicho lile zima tangu mwanzo, nami nililiita laana!

Mpaka leo linaelekea puani kidogo. Lakini linaona!

Mama mwenye mtoto anayejigonga, usiseme ni laana. Mpeleke apimwe angali mdogo, na umtumaini Bwana. Kama umechoka kuomba, kama mimi nilivyochoka, njoo hapa mbele. Tupige magoti pamoja.